Ufunguo wa Kabati la Mwalimu Mkuu

Zilikuwa shilingi milioni 6. Sisi wazawa wa kijiji tuliohamia Dar es Salaam tulizichanga kwa miezi minane, elfu kumi kumi, na nilipopata safari ya kwenda arobaini ya mjomba wangu nikakabidhiwa nizifikishe. Maagizo yalikuwa mafupi: vinunuliwe vishikwambi 20 kwa ajili ya shule ya msingi tuliyosoma, ili watoto wa nyumbani waonje wanachokionja watoto wetu mjini. Nilitegemea kukabidhi, kupiga picha na kurudi na basi la asubuhi.

Kijiji kiko mkoa wa Tanga, nusu saa kwa bodaboda kutoka barabara ya lami. Umeme umefika kwenye nguzo na kwenye nyumba chache. Mtandao unakamata ukipanda kilimani penye mbuyu; ukishuka bondeni, ilipo shule, unapotea. Kesho yake baada ya arobaini tulitandika mkeka chini ya mwembe wa Bibi tukaanza kuzungumzia hizo fedha, na hatukumaliza mpaka taa zikawashwa. Waliosema nimewaita kwa kazi na heshima zao tu. Nayaandika maneno yao kwa kuwa ni mara yangu ya kwanza kusikia mjadala wa teknolojia na elimu ambamo wanaoamua ndio watakaoishi na uamuzi wenyewe.

FUNDI (anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko, hajafika miaka thelathini): Mimi naona tusizunguke. Mtoto wa Masaki, huko Dar, akikwama kwenye hesabu za sehemu, anachukua simu ya mama yake, anamtazama mwalimu kwenye video akikata chungwa vipande vinne, anaelewa, anakwenda kulala. Mtoto wa hapa akikwama, amekwama mpaka Jumatatu. Na Jumatatu mwalimu ana watoto zaidi ya mia darasani. Hao wawili, ikifika Septemba ya darasa la saba, wanawekewa karatasi moja ya mtihani, yenye maswali yaleyale. Fedha zimekuja. Tununue vishikwambi.

MWALIMU (mkuu wa shule ya kijiji): Watoto 118, kijana wangu. Darasa la pili, mkondo mmoja. Wewe nilipokufundisha mlikuwa 60 na nikawa nalalamika.

Mwalimu Mkuu hakuwa anatia chumvi. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa michango waliandikishwa kwa wingi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kasi ya watoto, na pengo hilo ndilo Fundi anataka lizibwe kwa kioo cha inchi kumi.

MWALIMU: Na vishikwambi navijua. Baada ya Sensa ya 2022 vile vilivyotumiwa na makarani tuligawiwa walimu. Ninacho. Nakiwekea bando kwa fedha yangu, napanda nacho pale kwenye mbuyu, natuma taarifa za shule. Nikisema kimemfundisha mtoto wa darasa la pili kusoma nitakuwa nimedanganya mbele ya Bibi.

FUNDI: Kwa sababu ni kimoja, Mwalimu. Ndiyo maana tunasema 20.

MWALIMU: Subiri. Shule niliyotoka, sitaitaja, ililetewa kompyuta 10 na wafadhili. Zilikuja na maboksi yake. Zikaandikwa kwenye leja, zikafungiwa kabatini ofisini kwangu. Aliyenitangulia alinikabidhi 10, nami nilipohama nikakabidhi 10. Hakuna hata moja iliyowahi kuwekwa mbele ya mtoto.

MAMA (anauza chakula karibu na shule, ana binti kidato cha kwanza na mwana darasa la nne): Mwalimu, si ni uchoyo huo?

MWALIMU: Si uchoyo, mama. Ni hofu. Leja ina safu ya kilichopokelewa, kilichopo na kisichopo. Kikiwa hakipo au kimevunjika, ninayeandika barua ya maelezo ni mimi, na naweza kukatwa mshahara. Kikikaa kabatini miaka sita, haandikiwi mtu barua. Sasa niambie, mtu mwenye watoto wanne wa kusomesha atafungua kabati?

Kwa muda hakuna aliyejibu. Nimekaa kwenye semina nyingi mjini ambako wataalamu wanaeleza kwa nini vifaa vya TEHAMA havitumiki shuleni: mafunzo duni ya walimu, umeme wa kukatika, ukosefu wa maudhui. Yote hayo ni kweli. Lakini sikuwahi kumsikia mtu akitaja leja.

MAMA: Mimi niseme la kwangu, maana mnaongea kama vile mtandao ni wa watoto peke yao. Binti yangu alipochaguliwa kidato cha kwanza, majina yalitoka kwenye tovuti. Mimi simu yangu ni ya tochi. Nikaja kwa huyu kijana, akatazama, akaniambia jina lipo. Nikafurahi. Kumbe ile fomu ya maelekezo ya kujiunga nayo iko hukohuko. Nikapanda bodaboda mpaka mjini, stationari, nikaambiwa mtandao uko chini, nirudi mchana. Nikalipa kupakua, nikalipa kuchapa kila ukurasa. Siku nzima sikupika, na nisipopika hatuli. Mwenzangu mmoja hakwenda, akafikiri shule itamletea karatasi kama zamani. Mwanawe aliripoti wiki tatu baadaye, wenzake wameshamaliza mada ya kwanza.

MIMI: Na hapo ndani, dada, simu iko mikononi mwa nani?

MAMA: Simu kubwa ni ya baba yao. Mwanangu wa kiume akiiomba anapewa, anaambiwa usimalize chaji. Binti akiiomba anaulizwa: unataka kumpigia nani? Ana somo la fizikia anataka kutazama. Anaulizwa unampigia nani. Siku hizi haombi tena.

Alisema bila kupandisha sauti huku akipanga vikombe. Hesabu za kimataifa juu ya jambo hili ninazijua. Desemba 2020 UNICEF na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, walitangaza kuwa watoto na vijana bilioni 1.3 wa miaka 3 hadi 17, sawa na theluthi mbili ya wote duniani, hawakuwa na intaneti nyumbani. Kwa Afrika ya mashariki na kusini walikuwa 88 katika kila 100. Hesabu hizo zinapima nyumba. Ndani ya nyumba ya Mama simu ipo na mtandao ukipanda kilimani upo, ila binti yake yuko upande wa wasionacho na mdogo wake wa kiume yuko upande wa wenye nacho, nao wanalala chumba kimoja.

Nikawauliza juu ya mwaka ule wa korona. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020. Mwanangu alikuwa darasa la tatu. Mwalimu wake alikuwa akituma kazi kwenye kundi la wazazi kila asubuhi, mama yake anakaa naye mezani, jioni tunapiga picha daftari na kurudisha. Nilikuwa nikilalamika kwamba bando linakwisha.

MAMA: Hapa walichunga mbuzi, wakalima. Walitangaza kuna masomo redioni na kwenye televisheni, na ni kweli yalikuwepo. Lakini redio baba anakwenda nayo shambani. Shule zilipofunguliwa mwisho wa Juni, wawili wa darasa la saba hawakurudi. Mmoja ameshaolewa.

FUNDI: Sasa si ndiyo ninachosema? Wangekuwa na kishikwambi chenye masomo ndani, kisichohitaji mtandao, wasingekaa bure. Na msiniambie haiwezekani, kwa sababu imefanyika hapahapa Tanga. Kaka, wewe unajua. Waeleze.

Nilikuwa najua, nikawaeleza. Mwaka 2014 taasisi ya Marekani iitwayo XPRIZE ilitangaza shindano la dunia nzima: tengeneza programu ya kishikwambi itakayomwezesha mtoto asiye na shule wala mwalimu kujifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu ndani ya miezi 15. Fedha alitoa Elon Musk, dola milioni 15. Timu tano zilizofika fainali hazikupimwa California. Zilipimwa mkoani Tanga, kwa Kiswahili, kuanzia mwisho wa mwaka 2017, kwa karibu watoto 3,000 wa miaka 7 hadi 10 katika vijiji 170, UNESCO na Shirika la Chakula Duniani zikishirikiana na serikali yetu. Kila mtoto alipewa kishikwambi, na kila kijiji kikawekewa kituo cha sola cha kuchajia. Katika watoto hao, 74 kwa kila 100 walisema hawajawahi kwenda shule. Zaidi ya 90 kwa kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 baadaye idadi ya wasioweza kusoma neno hata moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10, na programu za timu zote tano zikawekwa wazi ili yeyote azitumie bure.

FUNDI: Umesikia, Mwalimu? Mtoto ambaye hajawahi kuona ubao. Bila mwalimu.

MWALIMU: Nimesikia nusu. Nusu ya watoto wakasoma neno, nusu hawakusoma hata moja, na kila mmoja alikuwa na kifaa chake peke yake, na sola, na wazungu wakihesabu. Hebu niulize: kile kituo cha sola, nani alikuwa anakifungua asubuhi?

MIMI: Kina mama wa kijijini. Kila kijiji kilikuwa na mwanamke aliyekabidhiwa kukiangalia. Watoto wanampelekea vishikwambi, anachaji, anawarudishia.

BIBI: Kumbe palikuwa na mtu.

Mpaka hapo Bibi alikuwa amenyamaza, anachambua kunde. Wote tulimgeukia, maana Bibi ana miaka zaidi ya sabini na anapoanza kuongea haharakishwi.

BIBI: Mwaka 1973 nilikuwa na mtoto mgongoni. Redio mtaani kwetu ilikuwa moja, ya balozi wa nyumba kumi. Ikatangazwa tukakae kundi, tusikilize Mtu ni Afya. Tulikuwa kama kumi na watano, wanawake na wanaume. Kiongozi wetu alikuwa kijana mmoja aliyemaliza darasa la saba, kapewa kijitabu. Redio inasema habari za choo, habari za maji, habari za mbu. Ikimaliza, yule kijana anaizima, anatuuliza mmoja mmoja: nyumbani kwako choo kipo? Tunatazamana. Wiki ya pili anauliza tena. Redio haikujua kwamba mimi sina choo. Jirani yangu alijua. Nikachimba.

MIMI: Bibi, wanahistoria wa elimu ya watu wazima bado wanaandika juu ya kampeni hiyo. Walishiriki watu kama milioni 2.

BIBI: Sijui walikuwa wangapi. Naijua aibu ya wiki ya pili.

Hapa niseme ninachoamini, kwa sababu sikwenda pale kama mwandishi wa muhtasari. Naamini pengo linaloitwa la kidijitali, kwa mtoto wa miaka saba au kumi, ni pengo la mtu mzima wa kukaa naye kabla ya kuwa pengo la kifaa. Mwanangu hakuvuka mwaka 2020 kwa sababu ya simu. Alivuka kwa sababu mama yake alikuwa mezani na simu mkononi, na mwalimu wake alimjua kwa jina. Ukiondoa watu hao wawili kinachobaki ni kifaa chenye michezo ya magari.

Kuna ushahidi wa mbali na wa karibu. Peru, kuanzia mwaka 2008, iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo chini ya mpango wa kila mtoto na kompyuta yake. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilipofuatilia shule 319 za vijijini, ilitangaza mwaka 2012 kwamba alama za hesabu na lugha hazikutofautiana na za shule zisizopewa kitu. Sasa weka hiyo pembeni ya Botswana. Shule zilipofungwa kwa korona mwaka 2020, watafiti walizigawa familia zaidi ya 4,500 makundi. Kundi moja lilipelekewa ujumbe mfupi wa hesabu kila wiki. La pili lilipelekewa ujumbe huohuo, na kisha mtu akapiga simu, dakika kama ishirini, mzazi anaweka sauti kubwa na mtoto anafanya swali papo hapo. Waliopigiwa simu walisonga mbele kwenye hesabu. Waliopelekewa ujumbe peke yake hawakusonga. Na zilizotumika ni simu za kawaida, hata hii ya tochi ya Mama ingetosha.

Nilipomaliza kuyasema hayo nilidhani nimeshinda. Fundi aliweka chini kikombe chake.

FUNDI: Kaka, nikuheshimu lakini nikwambie. Hayo maneno ya “mtu kwanza” mnayatumia kwetu tu. Mtoto wako ana mama mezani, ana mwalimu anayemjua, na ana kishikwambi. Hajaambiwa achague. Sisi tukiomba kifaa tunaambiwa kwanza walimu watoshe. Tukiomba walimu tunaambiwa kwanza madarasa. Tukijenga madarasa tunaambiwa vyoo. Mimi nilimaliza kidato cha nne hapa bila kugusa kompyuta. Nilikwenda kusomea ufundi mjini, mwalimu akasema “fungua faili,” nikawa natafuta mfuniko. Darasa zima wakacheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kama kuna Peru iliyoshindwa, watoto wa Peru angalau wanajua kompyuta inawashwa wapi.

Sikuwa na jibu, na hata leo sina jibu la kumtosha. Anachosema ni kweli kabisa: kipaumbele ni neno wanalopangiwa maskini. Kenya iliahidi mwaka 2013 kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, zabuni ya kwanza ikafutwa, na vifaa zaidi ya milioni 1 vikaanza kufika shuleni kuanzia mwaka 2016. Wapo wanaoutaja mradi huo kama mfano wa fedha kupotea. Lakini kuna mtoto wa kijijini aliyeshika kifaa kile kwa mara ya kwanza akiwa na miaka saba na si kumi na tisa, na hatacheka wala kuchekwa atakapoambiwa afungue faili. Kwenye alama za hesabu jambo hilo halionekani, ila kwa Fundi halijasahaulika.

BIBI: Mjukuu wangu, mimi sikusema kifaa kisije. Bila redio yule kijana angetuuliza nini? Nimesema pawe na mtu.

FUNDI: Hapo tunakubaliana, Bibi. Ila asije kuwa mtu bila kifaa.

Mjadala ukahamia kwenye lugha, na hapo nilifurahi kwa sababu ni jambo linalosahauliwa sana mijini. Mtoto wa hapa anasoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi. Akiingia sekondari masomo yanageuka Kiingereza, na akiingia intaneti, ni Kiingereza tangu mlangoni. Hata ukimpa bando la bure mwaka mzima, sehemu kubwa ya maarifa yaliyoko humo imefungwa kwa lugha. Ndiyo maana naipa uzito kazi kama Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa na TBC mwaka 2014, katuni za hesabu na sayansi zilizotungwa hapa nchini kwa Kiswahili, na maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania yenye vitabu vya kiada vya shule zetu. Mtoto wa Mama wa darasa la nne aliimba wimbo mmoja wa Ubongo wote mpaka mwisho pale mkekani. Kumbe hana televisheni nyumbani.

MAMA: Anaupata kwa huyu.

FUNDI: Kwenye memori kadi. Watu wanakuja niwawekee nyimbo na filamu. Akija mzazi mwenye mtoto, namwekea na katuni za masomo, simtozi. Kadi moja inazunguka nyumba tano, wanarushiana. Mtandao hauhitajiki. Nikipata tovuti nzuri yenye ruhusa ya kupakua, nakwenda nayo mpaka mjini penye intaneti ya kasi, nashusha yote usiku, nakuja nayo mfukoni.

MWALIMU: Hilo hukuwahi kuniambia.

FUNDI: Hukuwahi kuniuliza, Mwalimu. Na shuleni simu hairuhusiwi.

MWALIMU: Kwa mwanafunzi hairuhusiwi, na sababu zipo. Nimekamata simu yenye mambo ambayo siwezi kuyataja mbele ya Bibi. Mtoto akifunguliwa mtandao mzima bila mtu, anayemkaribisha huko ndani hatumjui.

MAMA: Mimi hapo niko na Mwalimu. Wa darasa la nne ukimpa simu saa moja, dakika kumi ni masomo.

FUNDI: Ndiyo maana kisiwe na laini. Kiwe na masomo tu ndani yake. Zipo programu za kufungia, na ipo moja inaitwa Kolibri, imetengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti: maktaba yote inakaa kwenye kompyuta moja, vishikwambi vinasoma kutoka pale. Hata mkitaka kutoka nje, hamna pa kutokea.

Ilikuwa imekaribia magharibi. Mama aliondoka kuwasha moto, akarudi. Fundi alikuwa ameanza kuandika hesabu nyuma ya kalenda ya zamani, na sote tukamwinamia. Vishikwambi 8 badala ya 20, kila kimoja 280,000: jumla 2,240,000. Sola, betri na sanduku la kuchajia, 900,000. Halafu likaja jambo ambalo kundi letu la Dar es Salaam halikuwahi kuliota: posho ya vijana wawili waliomaliza kidato cha nne na wako nyumbani, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, laki moja kila mmoja kwa mwezi, kwa mwaka mzima. Hiyo ni 2,400,000, sehemu kubwa kuliko zote. Kazi yao ni kukaa na watoto wa darasa la pili na la tatu saa mbili kila alasiri na Jumamosi asubuhi, makundi ya watoto watano kwa kifaa kimoja, na kifaa kikinyamaza, kuuliza. Zikabaki 460,000 za kubadilisha vioo.

FUNDI: Vinane kwa watoto 118. Kaka, andika kwamba sikuridhika.

Naandika: hakuridhika. Alikubali kwa sababu ya yule kijana wa kike, akisema binti akimwona dada wa kijijini kwao akiwasha kifaa kila siku, baba yake atachoka kumuuliza anampigia nani. Mama hakusema kitu, lakini nilimwona anamtazama Fundi kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Nilipotuma picha ya ile kalenda kwenye kundi letu usiku ule, baada ya kupanda kilimani, majibu yalikuwa makali. Mmoja aliuliza tangu lini mchango wa vishikwambi ukawa mshahara wa watu. Mwingine akasema posho ikikatika mwaka ujao kazi yote itakufa, na hilo ni kweli kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Mradi wa vijiji 170 ulikuwa na mwisho wake, miezi 15, na wetu una miezi 12. Shule haina mwisho. Nimewaomba wenzangu elfu kumi zetu ziendelee, na sasa hivi wanaochanga wamebaki wachache kuliko mwanzo.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Pale mkekani lilikuwa limebaki jambo moja.

MWALIMU: Mmesahau kabati. Vikija shuleni ni mali ya shule, vikiwa mali ya shule vinaingia kwenye leja, vikiingia kwenye leja ufunguo ni wangu. Nimeshawaeleza nitafanya nini na ufunguo. Sijivunii, lakini najijua.

MAMA: Basi visiwe vya shule. Viwe vya kijiji, vikae shuleni. Mwenyekiti na kamati wapitishe kwenye kikao, mtendaji apige mhuri.

MWALIMU: Na kikivunjika?

MAMA: Kimevunjika.

MWALIMU: Mama, mkaguzi hawezi kuandika “kimevunjika” akaondoka.

BIBI: Leja hiyo umekuja nayo?

Alikuwa nayo. Ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi za shule alizotaka kunionyesha. Bibi alimwagiza mjukuu wake alete taa. Mwalimu akafungua ukurasa mpya kwa ajili ya vifaa vya kijiji, akatoa rula, akapiga mistari: jina la kifaa, tarehe, aliyekichukua, aliyekirudisha. Akasita. Kisha akapiga mstari wa tano, akaandika kichwa cha safu kwa herufi kubwa kama anavyoandika ubaoni.

BIBI: Nisomee.

MWALIMU: “Kimevunjika watoto wakijifunza.”

BIBI: Hiyo safu ipanue kidogo. Hapo herufi hazitaenea.